Nilienda kushtaki nimeibiwa jina, nikarudi na barua ya kushtakiwa mimi

Mangi mmoja wa Manzese ndo alinifungua macho na wala hakujua anachokifanya. Ilikuwa 2019, mwezi wa tatu hivi, nimetoka kushusha mzigo Mabibo sokoni, nikapita dukani kwake kununua vocha, nacheki kwenye rafu naona siagi yangu ya karanga imepangwa mstari wa mbele kabisa. Nikafurahi jamani. Halafu nikaanza kujiuliza, huyu mangi mi sijawahi kumuuzia hata kopo moja, katoa wapi? Nikamwambia hebu nipe hiyo siagi. Akanipa, na mkono ndo ulijua kabla ya macho, kopo jepesi. Kifuniko chekundu kama changu, lebo ya njano kama yangu, karanga tatu zimemwagika pembeni kama kwangu, halafu jina sasa... ngoja kwanza.

Majina ntakayotaja humu nimeyabadilisha yote maana sitaki kesi nyingine, ila nimeyabadilisha kwa akili, tofauti ya herufi ni ileile ya kweli. Kwahiyo tuseme siagi yangu ilikuwa inaitwa Zalika, jina la bibi yangu mzaa mama, yeye ndo alinifundisha kukaanga karanga kwa mchanga. Kopo la mangi lilikuwa limeandikwa Zalikha. Yaani H moja tu. Nikamwambia mangi hii siyo yenyewe bwana, akaniangalia kama mtu aliyechoka na maisha, akasema mama si ndo hiyohiyo, watu wanakuja wanasema nipe Zalika nawapa, hajawahi kurudisha mtu.

Kwake hawakurudisha, kwangu ndo walirudisha. Wiki ileile kuna dada wa Tabata alinipigia simu ananifokea, siagi imevunda, ina harufu ya mafuta ya zamani, mtoto katapika, na namba yangu kaipata Instagram. Nikamwomba picha wasap. Akatuma. H ile pale. Nikamwelezea weee, akanijibu dada mi nilienda dukani nikasema Zalika nikapewa Zalika, hayo ya herufi mtajuana wenyewe. Nilikasirika lakini sikuwa na jibu, na hilo jibu lake nilikuja kulisikia tena baadaye kwa lugha ya kisheria, maneno mengine maana ileile.

Mwenye H nilimjua siku hiyohiyo. Mtu wa jumla niliyekuwa nampa katoni kwa mali kauli, anauza ndo analeta hela, tumekula naye futari nyumbani kwangu. Kopo langu la gramu 400 linatoka elfu tano, lake elfu nne. Nikampigia, hakupokea, nikampigia kwa namba ya mume wangu akapokea, aliposikia sauti yangu akakata.

Nirudi nyuma kidogo. Mi nilianza 2015 jikoni kwangu na mashine ndogo ya kusagia, nikaenda mafunzo ya usindikaji SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, nikafundishwa mambo ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye karanga, kuchambua karanga, vifungashio, nikahangaika na TBS, wale wa viwango, mpaka nikapata alama ya ubora, na katikati ya hayo yote nikasajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali anayesajili biashara. Hela yake ilikuwa ndogo nikashangaa kumbe rahisi hivi. Cheti kilipotoka baba watoto akakiwekea fremu tukakitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Toka siku hiyo mtu akiniuliza umelinda jina lako nasema nina cheti, kipo ukutani.

Basi mwaka huo wa 2019 nikakitoa ukutani na fremu yake, nikakifunga kwenye khanga, nikapanda daladala mpaka BRELA, Lumumba, jengo la Ushirika. Naomba mnielewe, nilienda na fremu. Dada wa pale dirishani alikuwa mstaarabu kweli, hakucheka, akakisoma chote halafu akasema, "Dada yangu, hiki cheti kinasema wewe ni nani. Hakisemi kopo ni la nani."

Nikakaa kwenye benchi. Akaja akanielezea vizuri: jina la biashara ni daftari moja, alama ya biashara ni daftari jingine, na yote yanatunzwa nyumba hiyohiyo ndo maana watu wengi tunapotea. Jina la biashara linamtambulisha mtu anayefanya biashara, serikali ijue nyuma ya jina fulani kuna fulani. Alama ndo inayotambulisha bidhaa sokoni, na hiyo ina sheria yake, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, na huku Tanzania bara haki ya kuitumia alama peke yako inatokana na kuisajili, haitokani na kuitundika ukutani. Na hata ungesajili kampuni kabisa bado hadithi ni ileile. Miaka minne nimelala usingizi wa pono na cheti ambacho hakikuwa kazi yake kunilinda.

Akaniambia tafuta wakili wa mambo haya, sio wakili yeyote. Nikatafutiwa kijana mmoja ofisi yake ghorofani Kariakoo, Msukuma wa Shinyanga, nataja kabila lake kwa sababu maalumu, subirini.

Nikamwagia hadithi yote. Nikamwekea makopo mawili mezani, langu na la H. Nikamwambia angalia, kifuniko, lebo, karanga, wateja wanachanganyikiwa, ushahidi huu hapa wa dada wa Tabata, huyu hapa mangi. Akawa anaandika. Akaniambia kabla hujashtaki lazima tufanye upekuzi kwenye rejista tuone nani yupo, maana ukienda vitani lazima ujue nyuma yako kuna nini. Nikaona ananipotezea muda na hela, mwizi anajulikana, tunapekua nini? Ila nikalipa.

Baada ya siku kadhaa akaniita. Nimefika namkuta anacheka lakini cheko la huruma. Kwenye rejista kuna alama inaitwa Zarika, imesajiliwa tangu 2006, ya kampuni ya mafuta ya kula ya huko Kanda ya Ziwa. Nikamwambia hiyo ni R, yangu ni L, halafu ile ni mafuta yangu ni siagi, wapi na wapi. Ndo akaniambia neno lililonimaliza: "Mama, kwetu Shinyanga hayo mafuta tunayaita Zalika toka niko shule ya msingi. Kisukuma hakina R."

Hakina R! Yaani bidhaa yangu ilikuwa inatamkwa na nusu ya Kanda ya Ziwa kabla mi sijaianza. Na sio Wasukuma peke yao, nchi hii kila mtu ana L na R zake, kuna anayekula wari na kuna anayepanda leli, sisi wenyewe tunataniana kila siku kwenye daladala, lakini mi nilipokuwa nachagua jina sikuwahi kulitamka kwa mdomo wa mtu mwingine. Nililitamka kwa mdomo wa bibi tu.

Kuhusu mafuta na siagi nako akanifunga. Kumbe bidhaa na huduma zote zimegawanywa madaraja 45 kwa mfumo wa kimataifa unaoitwa wa Nice, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na ukisajili unasajili kwa daraja lako. Mafuta ya kula yako daraja la 29. Siagi ya karanga iko daraja la 29. Tumekaa chumba kimoja. Ingekuwa labda natengeneza viti au nauza nguo hadithi ingekuwa nyingine. Hapo ndo nilielewa ile kelele ya 2018 ya Disney, wale wa filamu, kusajili maneno Hakuna Matata, mnakumbuka watu walivyowaka mtandaoni na kusaini malalamiko, jirani yangu alikuwa anaamini kabisa tukisema hakuna matata tutadaiwa hela. Kumbe wale wamesajili Marekani, kwenye fulana. Unaweza kuchukia, na mi nachukia maana maneno ni ya kwetu, ila hakuna anayekuzuia kusema.

Sasa wakili akaanza kuniuliza maswali ya upole upole. Je, uliwahi kuyaona hayo mafuta kabla hujaanza? Hapa ntasema ukweli, na ndo sababu kubwa ya kuandika haya yote. Niliyaona. Mara moja, 2014, nimeenda msibani Mwanza, dumu la lita 20 jikoni kwenye shughuli. Sikuiba jina, naapa, jina ni la bibi, lakini nilipolichagua kuna kitu ndani yangu kilisema hili jina masikio ya watu yatalipokea haraka. Halafu Sabasaba ya 2017 watu watatu wanne walikuja kwenye meza yangu wakauliza, hii ni ya wale wa mafuta? Sikusema ndio. Nilitabasamu, nikawaambia karibu muonje. Wakanunua.

Nilimhadithia wakili hayo kama kichekesho. Akaweka kalamu chini. Akasema mama, umekuja hapa unalalamika mwenye H anauza kwa sababu mangi hatofautishi na mteja hatofautishi. Sasa wewe uliuza kwa sababu gani?

Nyani haoni kundule. Nilikaa kimya nikawa naangalia feni.

Akanifafanulia jinsi jaji anavyoangalia, na naona hapa wengi tunakosea kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Sisi wenye bidhaa tunaweka makopo mawili mezani, tunayalinganisha kama mechi ya kutafuta tofauti 10 kwenye picha, tunasema ona huyu ana H, huyu ana R, fonti sio ile, karanga zake zimeangalia kulia. Mahakama haikai hivyo. Inamchukua mteja wa kawaida, mtu mwenye haraka, mtoto analia mgongoni, aliyeiona bidhaa wiki mbili zilizopita na kichwani kimebaki kivuli tu cha jina, inauliza huyu akikutana na ile nyingine peke yake, bila ya kwanza kuwa pembeni, atadhani ndo yenyewe au angalau zimetoka nyumba moja? Wanaangalia jicho, wanasikiliza sikio, wanapima maana, wanaangalia ni bidhaa gani na inanunuliwa vipi. Na huku kwetu inanunuliwaje? Kwa mdomo! Mteja yuko nje ya nondo za duka, mangi yuko ndani, redio inaimba, mteja anapaza sauti nipe kadhaa. Lebo hata haijaguswa. Kwahiyo sikio huku kwetu lina uzito mkubwa sana na mi nilikuwa nimehangaika miaka yote na fonti.

Nikauliza basi kwani bila kusajili mtu hana haki kabisa? Akasema ipo njia, unamshtaki mtu kwa kupitisha bidhaa yake kama ni yako, hiyo imetoka kwa Waingereza, akanipa mfano wa kesi ya limao, Jif, ya 1990. Kuna kampuni ilikuwa inauza juisi ya limao kwenye chupa ya plastiki yenye umbo la limao lenyewe, wengine wakaja na malimao yao ya plastiki yenye lebo tofauti, na mahakama ya juu kabisa ya kule ikasema hapana, maana mama mwenye haraka pale sokoni hasomi lebo, anachukua limao. Nikaruka kwenye kiti, nikasema kifuniko chekundu hicho! Akasema tulia, njia hiyo lazima uthibitishe vitu vitatu, kwamba tayari ulikuwa umejijengea sifa kwa wateja, kwamba mwenzako anawapotosha, na kwamba umeumia. Lete ushahidi wa mauzo, risiti, oda, matangazo, kuanzia 2015.

Risiti. Mi nilikuwa na daftari moja limeliwa na panya na meseji za M-Pesa kwenye simu niliyokwisha kuiuza. Akaniambia usijione mjinga peke yako, mwaka huohuo mwezi wa kwanza McDonald's walikuwa wamepokonywa usajili wa jina Big Mac Ulaya baada ya kuchokozwa na Supermac's, wauza baga wa Galway huko Ayalandi, kisa ushahidi waliopeleka wa kuonyesha wanalitumia jina ulikuwa mwepesi, na ndani yake kulikuwa na karatasi iliyochapwa kutoka Wikipedia. Big Mac! Nilicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza. Ile kesi iliendelea miaka na miaka, McDonald's walirudishiwa sehemu halafu 2024 mahakama ya Ulaya ikawanyang'anya tena kwa upande wa kuku. Toka siku ile kila ankara yangu naipiga picha naihifadhi sehemu mbili.

Ushauri wa wakili ulikuwa mama nyamaza. Usimguse mwenye H, maana ukianza vurugu mwenye R atasikia. Badilisha jina taratibu, sajili jipya, halafu ndo tupambane na wezi ukiwa umesimama kwenye ardhi yako. Ushauri mzuri, nimemlipa, halafu sikuufuata. Nilikuwa nina hasira, nikaenda stesheneri moja Mwenge kijana akanichapia barua kali, herufi kubwa nyekundu, UACHE MARA MOJA KUTUMIA JINA LANGU NDANI YA SIKU 7, nikagonga muhuri wangu mara tatu, nikamtumia bodaboda akaipeleka kwa mwenye H.

Mwenye H hakunijibu. Alichofanya, na hapa lazima nimpe maksi zake, aliichukua ile barua akaipeleka kwa wakala wa mafuta ya Zarika palepale Kariakoo, akawaambia kuna mwanamke huku anasema jina ni lake.

Wiki mbili baadaye nikaletewa bahasha ya kaki. Kurasa nne, mawakili wenye ofisi Posta katikati ya mji, kiambatanisho cha kwanza kopi ya cheti cha usajili daraja la 29, cha pili barua yangu ileile ya herufi nyekundu, cha tatu picha za ukurasa wangu wa Instagram. Mteja kauliza, "Hii ni ya wale wa mafuta?" Na chini yake mimi nimejibu kwa moyo mwekundu na dole gumba. Nilisahau kabisa. Nimejibu hivyo 2018 niko kwenye mwendokasi hata sikufikiria. Wakanipa siku 14, niache kutumia jina, nisalimishe lebo zote na nitoe hesabu ya mauzo tangu nianze. Nilisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini kwenye sakafu.

Nikarudi kwa wakili na aibu zangu. Hakunisema. Tukajaribu milango yote. Usajili bara unaanza na miaka saba, ukihuisha unapata kumi kumi, kwahiyo wao wa 2006 walitakiwa kuhuisha 2013, nikaomba Mungu wawe wamesahau. Hawakusahau. Akasema ingekuwa hawajaitumia miaka mitatu mfululizo tungeomba iondolewe kwenye rejista, lakini mafuta yapo mpaka vijijini. Milango ikaisha.

Kikao kilikuwa Posta, ofisi ina kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Mwenye kampuni alikuja mwenyewe, mzee wa makamo, nilitegemea simba nikakuta mtu anayezungumza pole pole ananiuliza bibi yako alikuwa wa wapi. Nikamwambia Kilosa. Akasema pole mwanangu, jina zuri, ila na mimi jina hili limenilisha. Upande wangu nilitaka tukubaliane kila mtu abaki na lake, niongeze neno mbele, niseme Bibi Zalika, nisiguse mafuta, wao wasiguse siagi. Mzee alikuwa anaelekea kulegea. Aliyenizuia ni wakili wangu mwenyewe, akaniita nje kwenye korido akaniuliza unakumbuka mieleka ya WWF?

Nani asiyekumbuka, sisi wa miaka ya tisini tuliolipa shilingi kuingia kibanda cha video. Akasema unajua kwanini siku hizi inaitwa WWE? Kumbe kulikuwa na WWF wengine, wale wa panda, wahifadhi wanyama, wao walikuwepo toka 1961. Mwaka 1994 wakasaini makubaliano na watu wa mieleka kwamba zile herufi mtazitumia kwa mipaka hii na hii. Mieleka ikakua, ikaingia intaneti, mipaka ikasahaulika, panda akaenda mahakamani London akashinda 2001, wakakata rufaa wakashindwa tena 2002, mwezi wa tano mwaka huohuo wakabadilisha jina dunia nzima. Yaani panda aliwabwaga wanaume wote wale. Akaniambia mama, karatasi ya kuishi pamoja ni nzuri kama mtabaki mlivyo leo. Wewe unataka kubaki jikoni? Kesho utataka kuuza mafuta ya karanga, mzee naye atataka kuuza siagi, na huyu mzee mpole atakuwa ameshafariki, utakutana na watoto wake.

Tukarudi ndani nikakubali kubadilisha. Nikapewa miezi sita kumaliza mzigo, lebo zilizobaki nichome na nitume picha, hakuna fidia, na nisisajili kitu kinachofanana daraja la 29 wala la 30. Hesabu ya mauzo mzee aliifuta kwa kalamu yake pale mezani. Novemba 2019. Nikasaini nikatoka nikalia kwenye lifti na mlinzi akajifanya anaangalia namba za ghorofa.

Lebo zilizobaki zilikuwa elfu sita na kitu, tulizichoma nyuma ya nyumba, moshi wa njano njano hivi, watoto wakafurahi sana. Kuna bango, aproni, guta lililopakwa rangi, msimbo wa kopo, na TBS nako ilibidi nirudi maana leseni yangu ilitaja jina la bidhaa. Hapo kwenye miezi sita yenyewe Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona na nusu ya wateja wangu ilikuwa kantini za shule. Mwaka ule sitaki hata kuuongelea.

Jina jipya silitaji hapa, sipigi promo. Ila nitawaambia nililipataje. Niliandika majina kumi na moja, nikampigia simu shangazi yangu aliyeko kwenye mashine ya kusaga unga, kelele tupu, namtajia jina mara moja tu halafu namwambia nitumie meseji ulichosikia. Matano yakafa hapo. Yaliyobaki nikamtuma mtoto wa jirani kwa mangi watatu tofauti aulize "mna kitu fulani?" tuone mangi atampa nini. Mangi mmoja akampa sabuni. Jina likafa. La mwisho halina L wala R ndani yake, na halisemi tamu wala asili wala bora, maana maneno ya kusifia bidhaa kila mtu ana haki nayo, ukilitaka peke yako msajili atakukatalia na ukibahatika kulipata utashinda unapigana nalo. Ndo tukapekua, tukaomba Julai 2020, neno tupu kwanza bila rangi wala picha, lebo tukaiombea kivyake. Likatangazwa kwenye jarida la msajili, na hapo kuna siku 60 ambazo mtu yeyote mwenye pingamizi anaruhusiwa kuinuka kama vile kanisani wanavyouliza kama kuna mwenye sababu. Siku 60 sikulala. Kila bodaboda akisimama getini najua bahasha ya kaki. Hakuinuka mtu.

Halafu nikagundua nina wateja Darajani, Unguja, na cheti changu cha bara hakivuki maji, Zanzibar wana sheria yao na msajili wao, BPRA, nikaanza upya. Namanga nako kuna mama anapeleka Kenya katoni kumi kumi, kule msajili ni KIPI, hiyo bado sijafanya na najua nafanya kosa, hela jamani.

Mwenye H na yeye alipata bahasha yake kutoka Posta, mzee hakumwachia. Akabadilisha jina lakini kifuniko chekundu na lebo ya njano akabaki navyo, na cha kushangaza sikuwa na nguvu ya kugombana tena, nikahamia kifuniko cha kijani. Nasikia sasa anauza asali.

Cheti kipya kipo kabatini kwenye faili, ukutani sitaki tena kitu. Ndani ya mlango wa kabati nimeandika kwa maka peni HUISHA KABLA YA JULAI 2027. Kitu kimoja tu kimeshindikana. Sokoni Mabibo mpaka leo hakuna anayenijua kwa jina la siagi mpya. Nikishuka na katoni wanaita Mama Zalika, Mama Zalika shusha huku, na kwenye simu za mangi wote nimeseviwa hivyohivyo, juzi mmoja amenionyesha, kaandika "Mama Zarika Karanga", na R.